Kazi ya Kukaa Tu

"Bahati nzuri kazi yako ni ya kukaa tu." Maneno hayo niliambiwa na watu wasiopungua 10 katika wiki 4 nilizokaa nyumbani baada ya kupasuliwa mgongo. Aliyasema jirani aliyekuja kunijulia hali, akayasema shemeji yangu, akayasema mtu wa ofisi ya utumishi aliponipigia simu kuuliza nitarudi lini. Hata mimi niliyasema. Usiku wa kuamkia siku ya kuripoti kazini, nilimwona mume wangu ananitazama kwa wasiwasi ninavyopanga nguo, nikamwambia, "Usiwe na hofu. Siendi kubeba mizigo, naenda kukaa tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililoniponza.

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka 16 nimekaa mbele ya kompyuta, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba kukaa ni jambo linalouchosha mwili. Kwangu kusimama kulikuwa kazi, kutembea kazi, kuinua kazi. Kukaa kulikuwa ni kupumzika kutoka kwenye hizo zote.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama maumivu ya kawaida ya kiuno, yale ambayo kila mtu wa ofisini anayajua na kila mtu ana dawa yake. Nikayazoea. Halafu asubuhi moja niliinama kuokota kiatu cha mwanangu, nikasikia kitu kimeshuka mguuni kama waya wa umeme. Yalianzia takoni upande wa kushoto, yakapita nyuma ya paja, yakaingia kwenye shavu la mguu na kuishia kwenye kidole kidogo. Cha ajabu, kiuno chenyewe kilitulia. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo niliuhangaikia mguu, nikiuchua na kuukanda maji ya moto, kumbe mguu haukuwa na kosa lolote.

Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa sakramu, ule ulio chini ya kiuno, ilikuwa imepasuka. Daktari alinieleza kwa subira. Uti wa mgongo una diski 23, kila moja ikiwa na pete ngumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Pete ikipasuka, ule ute unatokeza nje na kuubana mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu, uliopo jirani. Neva niliyobanwa mimi ndiyo inayokwenda hadi ukingo wa nje wa unyayo. Aliniambia pia kwamba watu wengi wenye tatizo hili hupona bila kisu, wiki kwa wiki, kwa dawa za maumivu, mazoezi na muda, kwa hiyo tusubiri. Ila alinipa onyo ambalo nalirudia kwa kila anayeniuliza habari za mgongo: ukisikia ganzi katikati ya mapaja, pale panapogusa tandiko ukipanda baiskeli, au mkojo na haja kubwa vikianza kukataa kutoka au kutoka bila ridhaa yako, usisubiri kuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili hizo sikuzipata. Nilichopata ni kwamba katika wiki ya 10 nilitaka kuchukua kitu kwenye rafu ya juu, nikajaribu kusimama kwa ncha za vidole, kisigino cha kushoto hakikunyanyuka. Nikajaribu tena. Ilikuwa kama kuamrisha mguu wa mtu mwingine. Nilipomwonyesha daktari, hakusema tena habari ya kusubiri.

Upasuaji sitauongelea sana kwa sababu sina la kusema. Nilipigwa nusu kaputi, nikaamka, na jambo la kwanza nililolitambua ni kwamba mguu umenyamaza. Miezi miwili na nusu ya moto imezimika nikiwa usingizini. Nililia mbele ya muuguzi nisiyemjua hata jina. Kidonda kilikuwa cha sentimita 3 hivi, na kesho yake nilikuwa nyumbani.

Nyumbani nilikuwa na sheria. Nisiiname, nisijipinde kiunoni, nisiinue kitu kinachozidi kilo 2. Nikitaka kutoka kitandani nigeuke ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, niteremshe miguu, ndipo nijisukume kwa mkono. Nikitaka kupiga chafya, nisimame wima na nishike kitu. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikakamua chooni ni adhabu kwa mgongo uliotoka kupasuliwa, kwa hiyo maji mengi, matunda, na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Hili la choo watu hawalisemi kwa aibu, na mimi lilinitesa kuliko kidonda. Mwanangu alikuwa na miaka 3 na kilo 14. Kila akija na mikono juu nilikuwa nakaa sofani kwanza, ndipo apandishwe na baba yake pembeni yangu. Baada ya wiki moja akaacha kunyoosha mikono kwangu, akawa anamnyooshea baba yake. Jambo hilo lilinichoma mahali ambapo hakuna dawa ya hospitali inayofika.

Na kutembea. Daktari alinihimiza kutembea kuliko kitu kingine chochote. Dakika 5 mara kadhaa kwa siku, halafu 10, mwishoni nikawa natembea nusu saa kwa mkupuo. Kulala niliruhusiwa nitakavyo. Kusimama niliruhusiwa. Kukaa? Dakika 15, zisizidi 20, kisha ninyanyuke.

Nikiangalia nyuma naona jibu lilikuwa wazi mbele yangu siku zote hizo. Katika mambo yote niliyoruhusiwa kufanya, kukaa peke yake ndiko kulikopimwa kwa dakika. Sikuliona. Niliihesabu kuwa sheria ya wagonjwa, kama vile kutolowesha kidonda, nikaamini kwamba nikivaa nguo za kazini itakuwa imekwisha muda wake.

Nilirudi kazini mwanzoni mwa wiki ya 5. Cheti cha daktari kilisema nifanye kazi nusu siku kwa wiki 2, ninyanyuke kila baada ya nusu saa, nisibebe chochote. Nilikipeleka ofisi ya utumishi, kikapigwa muhuri, kikaingia kwenye faili. Bosi wangu hakukiona, na mimi sikumwonyesha. Aliponikuta mlangoni alifurahi kwa dhati. "Karibu tena, dada! Pole sana. Umepona kabisa?"

"Nimepona kabisa, bosi."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu moja ni adabu tu ya kujibu salamu. Lakini sehemu kubwa ni kwamba niliogopa kuonekana mzigo. Nilikuwa nimekosekana kazini mwezi mzima, na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miezi miwili nikiwa nusu mtu. Wenzangu walikuwa wamegawana hesabu zangu. Na mwili wangu haukuonyesha ugonjwa wowote. Mwenye mguu uliovunjika ana plasta na magongo, watu wanampisha. Mimi nilikuwa natembea wima, tena wima kuliko nilivyowahi kutembea maishani, kwa kuwa kuinama kulikuwa kunauma. Kidonda changu kilikuwa chini ya blauzi. Nilichoka kukieleza kabla hata sijaanza.

Siku mbili za kwanza niliondoka saa 7 mchana kama cheti kilivyosema, huku nikiomba radhi kwa kila ninayempita. Siku ya tatu ilikuwa ya kufunga hesabu za mwezi. Wanaofanya kazi hii wanaijua siku hiyo. Nilikaa saa 3 asubuhi. Nilipoangalia saa ilikuwa saa 7 kasoro robo, na nilikuwa sijanyanyuka hata mara moja. Saa 8 tukaingia kikaoni. Nilitamani kusimama, nikatazama watu 8 waliokaa kimya kuzunguka meza, nikaona aibu. Kikao kikachukua saa nzima na nusu. Nilitoka ofisini saa 11 jioni nikijipongeza kwamba nimeweza.

Usiku ule waya wa umeme ulirudi. Takoni, nyuma ya paja, shavu la mguu. Nililala sakafuni magoti yakiwa juu ya kiti, nikitazama dari, na hofu niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya kupasuliwa. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa watu kati ya 5 na 15 katika kila 100, diski iliyopasuliwa hutokeza tena. Nilijiona tayari nimo katika hesabu hiyo. Nilijiona naingia tena chumba cha upasuaji, likizo nyingine, aibu nyingine. Mume wangu alikaa sakafuni pembeni yangu, hakusema neno.

Asubuhi nilikwenda kwa daktari. Alininyanyua mguu ukiwa umenyooka, akapima nguvu za vidole, akapima ganzi kwa sindano butu. Akasema haoni dalili kwamba diski imetoka tena. Neva iliyobanwa kwa miezi, alinieleza, inakaa muda mrefu ikiwa na hasira. Ukiichokoza inavimba na kuwaka, kisha inatulia. Halafu akauliza, "Jana ulikaa kwa muda gani?"

Nikajibu, "Daktari, kazi yangu ni ya kukaa tu."

Aliweka kalamu chini. "Mama, hiyo kazi ndiyo niliyokuwa naihofia."

Aliyenifafanulia zaidi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mpole ambaye nilianza kwenda kwake wiki ile ile. Alinieleza kwamba sehemu ya ndani ya diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake kama sponji: inakamuliwa na kuachiwa, inakamuliwa na kuachiwa, na kinachofanya hivyo ni mwendo. Mtu akikaa bila kujongea, lile sponji linabaki limegandamizwa. Alinihadithia habari za daktari wa Sweden, Alf Nachemson, ambaye katika miaka ya 1960 alichoma sindano zenye kipimo ndani ya diski za watu waliokubali kupimwa, akasoma mgandamizo wake wakiwa wamelala, wamesimama na wamekaa. Mgandamizo mdogo kabisa ulikuwa wa kulala. Wa kukaa ulizidi wa kusimama, na wa kukaa ukiwa umeinamia mbele ulizidi yote hiyo. Vipimo vilivyokuja miaka ya 1990 kwa vifaa vipya vilionyesha kwamba kukaa wima kwa utulivu hakutofautiani sana na kusimama. Lakini kwenye kuinamia mbele vilikubaliana: hapo mgandamizo unapanda. Nilimwuliza, "Na mhasibu anakaaje?" Akainama juu ya meza yake, shingo mbele, mabega mbele, kidole kikifuata tarakimu kwenye karatasi. Nilijiona.

Basi nilipumzika siku 4, nikitembea na kulala, mguu ukatulia. Safari hii kabla ya kurudi nilimpigia bosi simu nikamwomba dakika 20 za mazungumzo. Niliandaa karatasi moja. Mtaalamu wangu alinishauri nisiandike orodha ya nisivyoweza, bali niandike ninavyoweza na kinachohitajika ili niviweze. Ushauri huo ulibadili sauti yangu yote. Sikuingia ofisini kwa bosi kuomba huruma. Niliingia na mpango wa kazi: nusu siku kwa wiki 2, halafu saa 6 kwa wiki 2 nyingine, halafu siku nzima kama mwili utakubali. Nitasimama vikaoni. Hesabu za mwezi tutazigawa kwa siku 3 badala ya 1. Mafaili na karatasi atabeba mtu mwingine hadi mwezi wa tatu tangu nipasuliwe.

Kwenye karatasi nilimwekea hesabu, kwa kuwa yeye naye ni mtu wa hesabu. Rimu moja ya karatasi za A4 ina kilo 2 na nusu. Boksi la rimu 5 lina kilo 12 na nusu. Mimi nilikuwa na kibali cha kilo 2. Kwa hiyo hata kujaza karatasi kwenye printa, jambo ambalo hakuna mtu anaweza kuliona kuwa ni kubeba, lilikuwa limenizidi.

Alisoma akanyamaza. Kisha akauliza, "Mbona hukuniambia siku ile? Nilikuuliza ukasema umepona kabisa."

Sikuwa na jibu. Aliniuliza kwa kuumia, wala si kwa ukali, na nikaona kwamba kwa kumficha nilikuwa nimemnyima nafasi ya kuwa mtu mwema. Siku ile ile akamwita mtu wa vifaa.

Meza yangu tuliipanga upya kwa saa nzima. Kiti kilipandishwa mpaka nyonga zikawa juu kidogo ya magoti, na unyayo wote ukagusa sakafu. Nyuma ya kiuno tuliweka taulo iliyoviringishwa, ambayo mpaka leo naiona inafaa kuliko mito ya kununua, kwa sababu unaipunguza au kuiongeza upendavyo. Kompyuta yangu ni ya mpakato, na ubaya wake ni kwamba skrini na kibodi vimeungana: ukiiweka chini shingo inainama, ukiiinua mabega yanapanda. Tukaiinua kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ukawa usawa wa macho, umbali wa mkono, na nikapewa kibodi na kipanya vya kando. Nyaraka ninazozinakili nilianza kuzisimamisha kwenye kishikio karibu na skrini, zisilale mezani. Nadhani hicho kishikio kidogo cha plastiki kimeniokoa kuliko kiti.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni droo. Mafaili ninayoyatumia kila siku yalikuwa droo ya chini kabisa, upande wa kushoto, nyuma yangu kidogo. Yaani kwa miaka kila nilipohitaji faili niliinama, nikajipinda na kuinua, vyote vitatu kwa pamoja, nikiwa nimekaa. Tulipohesabu tuliona ni mara 20 au 30 kwa siku. Niliyahamishia juu ya meza. Kapu la taka nikalisogeza mbali. Kikianguka kitu sakafuni nilikiacha mpaka apite mtu, au nilishuka kwa magoti huku nimeshika meza. Kugeuka, nilijifunza kuanza na miguu: miguu inazungusha kiti, na mwili unafuata wote.

Nilipewa pia meza ya kusimamia, na hapo nikakosea tena. Kwa kuwa kukaa kulikuwa kumenitenda, nilisimama asubuhi nzima kama mlinzi, mpaka miguu ikavimba na kiuno kikaanza kunguruma. Kusimama bila kujongea nako ni kuganda. Kilichonifaa ni kubadilishana: dakika 25 kukaa, dakika 10 kusimama, dakika 2 au 3 kutembea. Niliweka kengele ya simu iwe ya kutetema tu, nisisumbue wenzangu. Mwanzoni nilikuwa naidharau nikiwa katikati ya hesabu tamu. Baadaye nikaweka simu upande wa pili wa chumba, ili nisiweze kuizima bila kunyanyuka. Nikaacha chupa kubwa ya maji, nikatumia kikombe kidogo kinachokwisha haraka. Na printa iliyo karibu yangu nikaiondoa kwenye kompyuta, nikaunganisha ile ya mwisho wa korido.

Safari ya kwenda kazini nayo ni kukaa, na wengi tunasahau kuihesabu. Mimi nilikuwa natumia dakika 40 garini, kwa hiyo nilikuwa nafika mezani tayari nimemaliza sehemu ya akiba yangu. Kuendesha mwenyewe nilikatazwa kabisa wakati natumia dawa kali, na hata baada ya hapo mpaka niweze kukanyaga breki ya ghafla bila mguu kusita. Mume wangu alikuwa ananishusha kabla ya kufika, namalizia kwa miguu.

Kuhusu hizo dawa niseme jambo ambalo sikuonywa. Wiki ya kwanza ya kurudi nilikuwa bado nazitumia usiku, nikidhani asubuhi zimeshatoka kichwani. Siku moja hesabu mbili zilikataa kulingana kwa tofauti ya 63. Kila mhasibu anajua kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9, inawezekana umegeuza tarakimu. Nikatafuta, nikakuta nimeandika 4,518 badala ya 4,581. Kosa dogo, lakini nikiendelea kutafuta nikakuta mengine 3 ya namna hiyo katika kazi za siku mbili, mimi ambaye mwaka mzima naweza nisifanye hata moja. Nilitetemeka. Nikamwomba mwenzangu wa meza ya jirani apitie kila nilichoingiza wiki ile, na kazi za tarakimu nikawa nazifanya wakati kichwa kimekaa sawa, zile za kusoma na kujibu barua nikaziacha kwa saa za uzito. Kama kazi yako inahitaji umakini, mgongo peke yake hautoshi kukuambia uko tayari. Angalia na kichwa.

Wenzangu hawakuwa wa aina moja. Kuna aliyeniambia mbele za watu, nilipokuwa nimesimama nyuma ya kikao, "Dada, kaa basi, unatufanya tujisikie vibaya." Nilikaa siku ile, na usiku nikaujutia unyonge wangu. Kikao kilichofuata nilisema mwanzoni kabisa, kwa sentensi moja, kwamba nitakuwa nasimama kwa agizo la daktari. Baada ya hapo hakuna aliyetazama. Na kuna kijana mmoja, mdogo kuliko wote ofisini, ambaye hakuwahi kuniuliza chochote. Alikuwa anapita asubuhi kabla sijafika, anajaza karatasi kwenye printa ya mwisho wa korido, anaweka mafaili yangu ya siku juu ya meza. Nilipogundua ni yeye nilikwenda kumshukuru. Akasema, "Mama yangu naye alipasuliwa mgongo, alikuwa hasemi."

Tangu hapo wamekuja kwangu watu kadhaa, kwa siri, wakishika viuno. Siwatishi. Nawaambia wengi hupona bila kupasuliwa, wasikimbilie kisu na wasikiogope kikihitajika. Nawaambia zile dalili za kutosubiri kuche. Kisha nawaomba wanionyeshe droo zao.

Leo ni mwezi wa 8 tangu nipasuliwe. Nafanya kazi siku nzima, na kengele ya simu bado ipo. Mwanangu amefika kilo 15, namnyanyua kwa kuchuchumaa na kumkumbatia kifuani kwanza, kama nilivyofundishwa, na amerudi kuninyooshea mikono. Kidole kidogo cha mguu bado kina ganzi. Daktari aliniambia nyuzi za neva zilizoharibika hukua kama milimita 1 kwa siku. Nilifanya hesabu kwenye karatasi palepale: kutoka kiunoni hadi kidoleni ni kama mita moja. Sikumwuliza zaidi.

Kisigino nimekuwa nikikijaribu kila siku kwenye ile printa ya mwisho wa korido. Mtaalamu wangu alinipa zoezi hilo: kila unaposubiri karatasi zitoke, shika ukingo wa mashine, nyanyua mguu wa kulia, jaribu kupanda kwa ncha za vidole vya kushoto. Miezi mitatu hakuna kilichotokea. Nilikuwa nasikia shavu la mguu linatikisika, basi. Mwezi wa nne kisigino kikaachana na sakafu kwa unene wa karatasi chache. Mwezi wa sita kikapanda nusu na kuanguka.

Jumanne iliyopita nilikuwa nasubiri taarifa ya kurasa 30. Ukurasa wa kwanza ukatoka, nikashika ukingo, nikapanda. Kilipanda chote. Nikashuka taratibu, nikapanda tena. Kurasa zilipokwisha kutoka nilikuwa nimefika mara 4, nikabaki nimesimama pale na taarifa ikiwa bado ya moto mkononi, kengele ya dakika 25 ikitetema kule ofisini.